Kunusurika, Kupona na Kutengemaa: Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Majeruhi

Mtu wa Bagamoyo akiulizwa habari za ndugu yake aliyeanguka mnazi miezi michache iliyopita, aghalabu hujibu, "Alhamdulillahi, amepona." Muulizaji naye hushukuru, na mazungumzo huendelea. Lakini jibu hilo lina maana mbili zilizo mbali. Yaweza kuwa mgema yule hakufa. Yaweza pia kuwa mguu wake umeunga, naye amerudia kugema. Barazani jambo hili halileti udhia, kwa kuwa msikilizaji anamjua mtu mwenyewe, na kesho atamwona akipita ama na mkongojo ama na kibuyu chake. Katika fomu ya utafiti mambo ni mengine. Mtafiti hamjui mgonjwa, na neno moja lililojazwa katika kisanduku ndilo litakalohesabiwa.

Makala haya ni uhakiki wa istilahi za rasimu moja ya fomu ya utafiti wa majeruhi, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza na kupita mezani kwangu ili itolewe maoni. Mwenye rasimu simtaji, maana makosa yake si yake peke yake: yanarudiwa katika tafsiri nyingi za namna hii, na mojawapo ya istilahi nitakazozilaumu niliwahi kuipendekeza mimi mwenyewe. Ili nisihukumu kwa kamusi pekee, niliichukua rasimu hiyo hadi Bagamoyo mjini, Kaole na Mlingotini, nikawasomea maswali yake watu waliopata kuumia. Yalikuwa mazungumzo ya barazani tu, wala siyaiti utafiti. Lakini yalitosha kunionyesha pale ambapo swali lilikwenda huku na jibu likaja kule.

Hoja yangu ni moja. Fomu isiyomtenganisha mtu aliyeokoka kifo, mtu ambaye jeraha lake limefunga, na mtu aliyerudia shughuli zake, itawahesabu walemavu kuwa wazima. Kosa hilo huanzia katika lugha, lakini anayelilipia ni mgonjwa.

Vipimo na asili yake

Elimu ya kupima majeruhi haina umri mkubwa. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake wa Marekani walitangaza kipimo cha ukubwa wa majeraha, kinachojumlisha sehemu za mwili zilizoumia zaidi. Mwaka huohuo Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitangaza kipimo cha ufahamu, ambacho leo humpa mgonjwa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kuangalia macho, usemi na viungo vyake. Mwaka 1975 Jennett na Michael Bond wakaongeza kipimo cha hali ya mtu baada ya kuumia ubongo, chenye madaraja matano kuanzia kifo hadi kurudia uzima.

Vipimo hivyo vilitungwa katika nchi zenye vifaa na wahudumu wengi. Jirani zetu wa Uganda walitafuta njia iliyo nyepesi zaidi. Olive Kobusingye na Ronald Lett, katika maandishi yao ya mwaka 2000, walieleza daftari la majeruhi la hospitali za huko pamoja na Kipimo cha Kampala, ambacho hutumia mambo matano tu: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya ufahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Muuguzi mmoja aweza kukijaza bila mashine kubwa.

Hapa kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996, na idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Majeruhi wa Bagamoyo hupokelewa kwanza katika hospitali ya wilaya. Wenye hali nzito hupewa rufaa kwenda Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Katika safari hiyo habari zake hupita vinywa vingi: mwenye bodaboda aliyemwokota, ndugu waliomsindikiza, muuguzi, daktari, na mwisho karani wa utafiti. Vinywa vyote hivyo husema Kiswahili, lakini ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Istilahi mbovu ikiingia katikati, hakuna hesabu itakayoweza kuitoa baadaye.

Kiwewe, majeruhi na mjeruhi

Rasimu ilianza vibaya tangu kichwa chake, ilipowaita watu hawa "wagonjwa wa kiwewe". Neno la Kiyunani "trauma", ambalo Kiingereza kimelirithi, asili yake ni jeraha. Wataalamu wa nafsi walilichukua baadaye wakalitumia kwa jeraha la moyo, na hapo ndipo Kiswahili kilipolikuta na kulipa tafsiri ya kiwewe. Kwetu kiwewe ni fadhaa, ni hali ya mtu aliyepigwa na mshangao hata asijue la kufanya. Mtu aliyevunjika paja barabarani huko Mapinga aweza kuwa na kiwewe, na aweza kutokuwa nacho. Paja limevunjika vilevile. Neno hili na libaki kwa wataalamu wa nafsi.

Ndani ya rasimu mgonjwa mmoja aliitwa "mjeruhi", na wengi "majeruhi". Bila shaka mtafsiri alidhani kwamba "ma-" ni kiambishi cha wingi. Sivyo. Neno hili limetokana na Kiarabu, na silabi hiyo ni sehemu ya neno lenyewe: majeruhi mmoja amelazwa, majeruhi wawili wamelazwa. Tena kwa kanuni zetu za unyambulishaji, mjeruhi ni yule mwenye kujeruhi. Fomu iliyoagiza "andika umri wa mjeruhi" iliagiza kuandikwa umri wa aliyeshika panga, na kumwacha aliyekatwa.

Jeraha na kuumia

Swali la kwanza la rasimu lilikuwa: "Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita ulipata jeraha lolote?" Nilimsomea bibi mmoja wa Mlingotini, mkulima wa mwani, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda. Alijibu, "La, mwanangu, jeraha sikupata. Niliteleza nikavunjika mkono."

Bibi huyo hakukosea. Katika matumizi ya watu wa pwani, jeraha ni palipochanika, panapotoka damu, panapohitaji kuoshwa na kufungwa. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima, kiungo kilichoteguka, damu iliyovilia, wengu uliopasuka tumboni, vyote hivyo ni kuumia. Daktari huviita majeraha, na ana haki ya kufanya hivyo katika istilahi zake. Lakini hana haki ya kutarajia kwamba mkulima wa mwani anaijua istilahi hiyo.

Hapa twapata kanuni ambayo watunga istilahi tumeisahau mara nyingi: istilahi ya ripoti na neno la swali si lazima ziwe kitu kimoja. Katika ripoti tuandike "majeraha", tukiyafasili wazi kuwa ni pamoja na ya ndani. Katika swali tutumie kitenzi: "Je, uliumia?" Wapo watakaotaka nomino kutokana na kitenzi hicho, lakini "umio" tayari ni njia ya chakula kooni, na "maumivu" ni uchungu unaosikika mwilini. Kitenzi chatosha.

Tusidhani kwamba hasara ya swali baya ni ndogo. Candida Moshiro na wenzake, katika utafiti wao wa Dar es Salaam na Hai uliotangazwa mwaka 2005, walionyesha kwamba kadiri watu wanavyoulizwa habari za muda mrefu zaidi uliopita, ndivyo viwango vya kuumia vinavyopatikana vidogo zaidi, kwa kuwa watu husahau. Ikiwa kusahau peke yake kwapunguza hesabu, je, neno lisiloeleweka litapunguza kiasi gani? Aliyesahau angalau aweza kukumbushwa. Aliyeelewa vingine hujibu kwa uhakika kabisa.

Ajali na kinga

Rasimu iliuliza pia, "Ajali ilitokea lini?" Mtu aliyepigwa rungu na jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba afanye nini na swali hilo? Wengi waliliruka. Utafiti wa majeruhi huwahusu waliogongwa, walioanguka, walioungua, waliopasukiwa na baruti katika uvuvi uliopigwa marufuku, na vilevile waliopigwa na kukatwa. Neno ajali huwatoa hao wa mwisho nje ya mlango.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la fikra. Ajali asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufa. Harufu ya maana hiyo haijatoka. Husemwa kwamba ajali haina kinga, na anayesema hivyo huwa anafariji. Lakini utafiti huu wote umejengwa juu ya imani kwamba kinga ipo: kofia ngumu ya mwendesha bodaboda, tuta la barabarani mbele ya shule, mkanda wa mgema. Waingereza nao walikumbwa na tatizo kama hili. Mwaka 2001 wahariri wa jarida la tiba la BMJ waliamua kuliondoa neno lao la ajali katika kurasa zao, kwa sababu lilifanya madhara yaonekane kama yasiyozuilika.

Sipendekezi kumkataza mwananchi kusema ajali. Napendekeza kwamba safu ya fomu iitwe "tukio", kisha tukio lenyewe lielezwe: kugongwa, kuanguka, kuungua, kupigwa, kukatwa, tena ionyeshwe kama lilikuwa la kukusudiwa au la.

Saa na fahamu

Mambo mawili madogo yana hatari kubwa. La kwanza ni saa. Muda tangu kuumia hadi kufikishwa hospitali ni miongoni mwa mambo ya msingi katika utafiti huu. Tuchukue mtu aliyegongwa saa 2 usiku katika barabara ya Msata akafikishwa saa 9 usiku. Amekaa saa 7 bila tiba. Lakini karani aliyezoea saa za Kizungu, akisikia "saa mbili usiku" na kuandika 02:00, na muuguzi akiwa ameandika sawasawa kwamba mgonjwa alipokewa saa 03:00, basi ripoti itasema mtu huyu alipata tiba baada ya saa 1. Rasimu iliacha nafasi ya "saa" bila maelezo yoyote. Na iandikwe "saa ya Kiswahili", pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kuigeuza iwe kazi ya mtu mmoja, baadaye, ofisini.

La pili ni kipimo cha Glasgow. Usemi wa mgonjwa una ngazi tano. Rasimu ilitafsiri ya pili kutoka juu kuwa "anaongea ovyo", ya tatu "maneno yasiyo na maana", na ya nne "sauti zisizo na maana". Kuongea ovyo kwetu ni utovu wa adabu, na mlevi mwenye akili timamu aweza kuongea ovyo usiku kucha. Ngazi zitofautishwe kwa kile ambacho muuguzi hukisikia: anajua yeye ni nani, yuko wapi, na ni siku gani, anajibu kwa sentensi ila amechanganyikiwa, anatamka maneno yasiyohusu alichoulizwa, anatoa sauti isiyo neno, hatoi sauti. Aidha fomu iulize mgonjwa husema lugha gani. Mfugaji wa Kimasai aliyefikishwa Bagamoyo, akijibu kwa Kimasai sanifu kabisa, asinyimwe alama kwa sababu aliyemhoji hakumwelewa.

Matokeo, kuruhusiwa na kupona

Sasa twafika penye kiini. Neno la Kiingereza "outcome" rasimu ililitafsiri "matokeo ya mgonjwa". Hili ndilo neno nililowahi kulipendekeza mwenyewe, na sasa naliona upungufu wake. Matokeo kwa Kiswahili cha leo ni ya mtihani na ya mchezo wa mpira. "Matokeo ya mgonjwa" yasikika kana kwamba mgonjwa alitahiniwa, na aliyebaki na kilema ameshindwa. Zaidi ya hayo, matokeo hutangazwa mara moja yakaisha, ilhali hali ya majeruhi hubadilika: aliye hai siku ya 3 aweza kufa siku ya 20, na asiyeweza kusimama mwezi wa 2 aweza kutembea mwezi wa 6. Nomino isiyo na tarehe haifai.

Chini ya kichwa hicho rasimu ilitoa visanduku vitatu: "amekufa", "ameruhusiwa", "amepona". Kuruhusiwa ni kupewa ruhusa ya kutoka wodini. Ni habari za kitanda, wala hakuelezi hali ya aliyekilalia. Anaruhusiwa mzima, anaruhusiwa aliyefungwa hogo kiunoni hadi unyayoni, na anaruhusiwa asiyekuwa na tumaini ili akafie kwao. Tena wapo wanaochukuliwa na ndugu ili wakaungwe mifupa kwa mganga wa kijijini, na fomu haikuwa na nafasi yao.

Kuhusu kupona, kamusi zetu zatambua maana zote mbili, yaani kutoka katika ugonjwa na kuokoka katika hatari. Ndiyo maana twasema mtu ameponea chupuchupu, na hatumaanishi kwamba alikuwa mgonjwa. Kule Kaole nilimuuliza mgema mmoja wa zamani swali la rasimu kama lilivyoandikwa: "Je, umepona?" Alinijibu, "Nimepona, ndugu yangu, Mungu ashukuriwe. Mnazi ndio siupandi tena." Kwa sentensi ya kwanza angetiwa alama katika kisanduku cha tatu, na fomu ingefungwa. Sentensi ya pili haikuwa na mahali pa kuandikwa. Mtu huyo alikuwa na watoto aliowalisha kwa tembo na nazi. Katika hesabu ya taifa angekuwa mmoja wa waliofaulu, na hakuna fungu ambalo lingetengwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Mfano wa njia bora upo hapahapa petu. Mwaka 2019 yalitangazwa maandishi ya utafiti wa Dar es Salaam kuhusu wagonjwa waliovunjika mfupa wa paja, waliopimwa kwa kuombwa wachuchumae na watabasamu, huku wakipigwa picha. Hutazamwa mgonjwa amechuchumaa hadi wapi, kama ameshika kitu cha kujitegemeza, na uso wake wasema nini. Kipimo hiki chapendeza kwa sababu hakikuegemea neno moja lenye maana mbili. Kuchuchumaa ndiko kufua, ndiko kupika juu ya mafiga, ndiko kwenda chooni, na kwa mkulima wa mwani ndiko kazi yenyewe. Vilevile dodoso linalojulikana kama EQ-5D huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Lakini hata hapo "shughuli za kawaida" zisiachwe hivihivi. Mgema aulizwe kugema, mvuvi aulizwe kuvuta nyavu, mama lishe aulizwe kuinua sufuria.

Mapendekezo

Utaratibu tuliouzoea wa kutafuta istilahi hutuagiza tuanze na Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Katika jambo hili hatuna haja ya kukopa hata kidogo. Maneno tunayo matatu, na kila moja lina kazi yake.

Kwanza, kunusurika kifo. Neno kifo lisiachwe, kwa sababu katika magazeti na redio "amenusurika" peke yake huweza kueleweka kwamba mtu hakuumia kabisa.

Pili, kupona jeraha. Kitenzi kifuatwe daima na kilichopona: amepona kidonda, mfupa umeunga. "Amepona" pasipo nyongeza lisiandikwe katika fomu yoyote ya utafiti.

Tatu, kutengemaa, yaani kurudia hali njema ya kutenda. Neno hili ni la kale, nasi husema hali ya mgonjwa imetengemaa. Tena tiba ya kuwarudishia watu uwezo wao imekwisha kuitwa utengamao katika huduma zetu za afya. Tofauti ya irabu ni jambo la kusanifisha. Mzizi ni mmoja. Aliyetengemaa ni yule aliyerudia shughuli iliyokuwa riziki yake, au aliyepata nyingine anayoimudu.

Badala ya "matokeo ya mgonjwa" tuandike "hali ya majeruhi", pamoja na muda: hali ya siku ya 30, hali ya mwezi wa 6, hali ya mwaka. Katika kila muda maswali ni yaleyale matatu: je, yu hai? Jeraha limepona? Ametengemaa?

Yupo atakayesema kwamba daktari mwenye haraka hana nafasi ya maneno matatu pale ambapo moja lamtosha. Namjibu kwamba neno moja halijamtosha; limemficha tu asione anachokosa. Yupo pia atakayesema kwamba watu wa pwani wameishi na "amepona" karne nyingi bila kudhurika. Ni kweli, na waendelee nalo barazani, ambako kila mtu amwona mwenzake akipita. Fomu haina macho hayo, hivyo yapasa ipewe maneno.

Twawaomba wasomaji, hasa wauguzi na matabibu wa hospitali za wilaya, watuandikie kuhusu maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao kabla mapendekezo haya hayajapelekwa katika kikao cha kusanifisha. Neno la bibi wa Mlingotini lilisahihisha swali zima. Bila shaka yapo mengine kama hilo huko wodini, na sisi tulio mezani hatujayasikia.